Nilibeba tepu ya kushonea kutoka Kaptembwa mpaka Kakamega nikitafuta darasa la watoto wadogo

Jumapili, Nakuru hadi Kisumu

Nimetoka Nakuru saa tatu asubuhi, matatu imejaa, nimeketi nyuma kabisa na begi miguuni. Ndani kuna nguo kidogo, viazi vya kupelekea wenyeji, daftari, na tepu yangu ya kushonea ju hiyo huwa siachi nyumbani hata nikienda matanga.

Wenye hawanijui, mimi ni fundi wa nguo Kaptembwa, nashona yunifomu za shule miaka mingi sasa. Kila Januari naletewa watoto wa kupimwa yunifomu ya gredi 1, na mimi hupenda kuwaongelesha nikiwapima ndio wasiogope, namuuliza mtoto ulikuwa nasari gani, na kila mwaka kuna wale mama zao wanajibu haraka kabla mtoto afungue mdomo, "huyu hakusoma nasari, anaanza tu." Mtoto wa miaka sita hajawahi kushika krayoni, hajawahi kukaa chini na wenzake akasikiza hadithi mpaka mwisho, na anaenda kuwekwa deski moja na mwenye amemaliza PP1 na PP2, ile miaka miwili ya nasari, na anaandika jina lake. Januari hii nilianza kuwahesabu nyuma ya daftari la oda. Nilipofika kumi na mmoja nikawacha kuhesabu, roho iliniuma.

Sasa chama chetu cha akina mama tuko 22, na tumeweka pesa miaka miwili kwa ajili ya darasa la watoto wadogo. Pesa iko lakini tumegawanyika. Wengine wanataka tujenge chumba cha mawe ndani ya shule ya msingi ya ng'ambo ya barabara kubwa, kitu ya kudumu, wengine wanataka tukodishe ukumbi wa kanisa hapa katikati ya mtaa tuanze muhula ujao. Tumegombana mpaka kuna wawili hawasalimiani sokoni. Ndio nikatumwa. Niko na rafiki Kisumu na shemeji Kakamega, mwenyekiti akasema enda uone wengine wamefanya aje, ukirudi utuambie.

Salgaa, Mau Summit na baridi yake, Londiani, Kericho majani chai pande zote, halafu barabara inashuka na joto linapanda hadi ukifika Awasi sweta iko mkononi. Njiani nilikuwa nafikiria kifungua mimba wangu. Alikuwa na miaka mitano 2003, mwaka ule shule ya msingi ilifanywa bure, na mimi nakumbuka foleni za wazazi kwa geti za shule venye zilikuwa ndefu. Lakini bure ilianza darasa la kwanza. Nasari ilibaki ya kulipa, na wazazi wengi wakapiga hesabu ya haraka tu, kwa nini nilipie nasari na huko mbele ni bure, acha nimkalishe nyumbani afike miaka sita. Mimi nililipa kwa sababu mama yangu alininunia wiki mzima mpaka nikalipa. Jirani yangu hakulipa, na mtoto wake alirudia darasa la kwanza mara mbili. Hakuwa mjinga huyo mtoto.

Jumatatu, Nyalenda

Rafiki yangu anaishi Nyalenda, na yeye ndiye aliniambia kuna nasari ya jamii ndani ya kanisa la mabati karibu na kwake. Tumefika saa kumi na mbili na nusu asubuhi nikidhani tumewahi, kumbe ticha alikuwa ashafungua na watoto saba wako ndani, wengine bado wamelala kwa mkeka. Nikamuuliza mbona mapema hivi. Akaniambia, "Mama yangu, hawa mama zao wanauza soko la Kibuye. Nikifungua saa mbili nitapata watoto wa walimu peke yake."

Hiyo niliandika na nikapigia mstari, ju sisi kwa mikutano yetu yote ya Kaptembwa hatujawahi kuongea kuhusu saa. Tumeongea kuhusu mawe, simiti, rangi ya ukuta. Na sisi tunajua vizuri mama wa mboga hutoka saa ngapi, tunatoka naye.

Ukumbi wenyewe ni mabenchi ya kanisa yamesukumwa kando, chati za herufi ziko kwa kamba na vibanio vya nguo, na Ijumaa jioni kila kitu kinashushwa, kinakunjwa, kinawekwa kwa sanduku ndio kanisa lipate nafasi wikendi, halafu Jumatatu ticha anapanga upya. Vizibo vya soda vya kuhesabia, magunzi ya mahindi, vibuyu viwili vya mchanga ndani vya kuchezesha kama kayamba, wanasesere wa matambara. Niliwashika hao wanasesere nikaona kushonwa kwao, nikajua vitambaa vyangu vya mabaki vya kwa mashine vitaenda wapi kuanzia sasa.

Ticha analipwa na wazazi, shilingi kidogo kila siku, yule hana leo analeta kesho. Yuko na cheti cha ECD, cha kufundisha watoto wadogo, na amekaa hapo miaka sita. Nikimuuliza kama anataka kuandikwa na kaunti alinyamaza kidogo akasema amejaza fomu, kisha akarudi kwa watoto. Sikumuuliza tena.

Jumanne, Ahero

Hii siku nitaiandika yote.

Rafiki yangu ana mama mkwe huku Kano, ndani ya Ahero, mbali na lami, na huyo mama analea mjukuu wa miaka minne. Wote wanamuita dana, yaani nyanya, na mimi nikamuita hivyo hivyo. Tulilala kwake Jumatatu usiku ndio asubuhi niende na mtoto shule. Shule ni ya serikali, msingi, na PP1 na PP2 ziko ndani ya ua huo huo na ticha wa kaunti. Yaani hapa kuna darasa, kuna ticha, kuna kila kitu sisi tunalilia. Na bado dana aliniambia mtoto anaenda siku tatu kwa wiki, wakati mwingine mbili.

Tulitoka saa moja na dakika tano. Mvua ilikuwa imenyesha, udongo wa Kano ni ule mweusi unashika mguu, na mtoto anatembea mbele yetu na begi linampiga magoti. Mwanzoni alikuwa anahesabu hatua kwa sauti, achiel, ariyo, adek, halafu akachoka kuhesabu. Akasimama kuangalia ng'ombe. Akasimama tena kwa sababu kandambili imebaki kwa matope. Akaketi chini. Dana akimuita, "Bi, nyathina," njoo mtoto wangu, anainuka, anaenda kidogo, anaketi.

Hapo ndio nikatoa tepu. Alama za miguu yake zilikuwa wazi kabisa kwa udongo, nikapima kutoka kidole hadi kidole, sentimita 38. Nikapima zangu, 65. Watu wa boda pale wanasema kutoka kwa dana mpaka geti ni kilomita moja na nusu, na hiyo mimi natembea dakika ishirini nikiongea na simu. Kwa hatua ya sentimita 38 ni karibu hatua 4,000 kwenda, na 4,000 kurudi. Tulifika saa moja na dakika arobaini na nane. Dakika 43. Mtoto alipofika kwa mkeka alilala, na ticha akamwacha, akasema wengi wa kutoka upande ule hulala kwanza.

Na sijamaliza na dana. Yeye anampeleka, anarudi nyumbani ju kuna kuku na shamba, halafu saa sita PP1 wanatoka, anaenda kumchukua, wanarudi. Hizo ni safari nne. Kilomita sita kwa siku, na amepita miaka sabini, na magoti yamevimba nimeyaona. Kwa hivyo siku magoti yanauma, mtoto hana shule. Hiyo ndiyo siri ya zile siku tatu kwa wiki. Mtu wa ofisini ataangalia kwa karatasi aone kijiji hiki kina darasa na kina ticha, aweke tiki aendelee na kijiji kingine.

Ukutani kwa darasa kuna mstari wa rangi ya matope ambao rangi mpya haijafunika vizuri. Nikauliza, wakaniambia hapo ndipo maji yalifika mto Nyando ulipofurika. Nilipima pia. Sentimita 64 kutoka sakafuni. Mtoto wa miaka minne kwa tepu yangu huwa kama mita moja, kwa hivyo hayo maji yangemfika kifuani. Mvua kubwa ikija, hata kama darasa limekauka, ile njia tulipita inakuwa ziwa, na hakuna mzazi atamtoa mtoto.

Nilikaa na PP1 mpaka saa nne. Ticha anafundisha kwa Dholuo, na ndivyo inavyotakiwa, hii mitaala mipya inasema kuanzia PP1 hadi gredi 3 mtoto afundishwe kwa lugha ya mahali anapoishi. Sikuelewa neno lakini nilielewa kila kitu, walikuwa wanapanga mawe makubwa na madogo, mtoto akikosea mwenzake anacheka, ticha anampa nafasi tena. Kule kwetu Kaptembwa na makabila yote yale lugha ya mtaa ni Kiswahili, na bado niko na wazazi wananiambia wanataka nasari ya kizungu tupu, mtoto wa miaka minne amenyamaza siku nzima kwa sababu hajui kuomba kwenda choo.

Choo nacho! Nilipelekwa kuona choo cha watoto wadogo kwa sababu wanajivunia. Wamechimba cha peke yao, tundu ni dogo, mlango ni mfupi, ukisimama nje unaona kichwa cha mtoto. Ticha anasema kabla ya hapo watoto walikuwa wanaogopa tundu la choo cha wakubwa, wanajizuia mpaka wanajikojolea, halafu kesho yake hawataki kuja. Nilipima tundu, nikapima mlango, nimeandika.

Saa nne uji wa mtama ukaletwa. Yule mjukuu wa dana aliamka kwa harufu.

Jumatano, Kisumu

Mvua tangu alfajiri. Nimerudi Nyalenda, miguu inauma, nimeshinda ndani na simu nikisoma Katiba ya 2010. Iko pale Jedwali la Nne, sehemu ya kaunti: elimu ya chekechea, vyuo vya ufundi vya vijijini, vituo vya kulea watoto. Msingi na sekondari ni za serikali kuu, na walimu wao wanaandikwa na TSC, ile tume ya walimu, lakini wa chekechea ni kaunti. Na sisi mwaka mzima tumepeleka barua kwa ofisi ya pesa za CDF, zile za maendeleo ya eneo bunge, ambazo sheria yake ni ya kazi za serikali kuu, tukaambiwa rudi Ijumaa, rudi mwezi ujao, na hakuna mtu alituambia mama zangu mmebisha mlango si wake. Nauli tu ya hizo safari ingenunua mikeka ya darasa zima. Nimekasirika nikalala mapema.

Alhamisi, Vihiga

Kiboswa, Majengo, Mbale, tukashukia Chavakali. Vihiga ni milima na mawe makubwa yamekaa kama yamepangwa, na nyumba zimebanana, shamba la huyu linaishia kwa mlango wa yule. Nimepelekwa kwa mwalimu mstaafu, mama mmoja mtulivu sana, alinipikia mrenda na ugali na hakutaka tuanze kuongea kabla sijashiba.

Yeye alifunzwa kufundisha watoto wadogo miaka ya themanini. Akanieleza mambo sikuwa najua. Kwamba kabla ya hapo nasari nyingi zilikuwa za harambee tu, wazazi wanajenga kibanda, wanachagua msichana mwenye moyo mzuri, anaimbisha watoto. Kwamba 1971 kulianzishwa mradi pale Kenya Institute of Education wa kutafuta njia ya kufunza hawa walimu, na 1984 kikaanzishwa kituo cha taifa, NACECE, halafu vituo vya wilaya vikafuata, vile waliita DICECE. Mafunzo yalikuwa ya likizo kwa likizo, mwalimu anasoma shule zikifungwa, zikifunguliwa anarudi kwa watoto wake. Walifunzwa kukusanya hadithi na nyimbo za kwao, kutengeneza vifaa na akina mama wa kijiji. Alinitolea nyoka wa vizibo alimtengeneza zamani, waya umeshika kutu lakini bado analia ukimtikisa.

Nilimwambia hesabu yangu ya hatua nikidhani nimepata jibu la kila kitu. Akanisikiliza mpaka mwisho, akaniambia huku kwao shule iko kila kilima, mtoto anaona paa la darasa akiwa kwa mlango wa mama yake, na kulikuwa na muhula mkeka ulibaki nusu. Uji ulikuwa umekatika. Wazazi walishindwa kuchanga unga, na watoto wakawa wanakuja asubuhi, ikifika saa nne wanalia njaa, ikifika wiki ya tatu hawaji. Uji uliporudi walirudi. Kwa hivyo niliandika uji karibu na miguu, kwa ukurasa mmoja.

Aliniuliza kama tuna mtu wa kupika. Hatujawahi kufikiria.

Ijumaa, Shinyalu

Shemeji amenipeleka ndani kule upande wa msitu wa Kakamega. Hapa ndipo nilipoona kitu nimekuwa nikitafuta bila kujua jina lake. Shule kubwa iko mbali, unavuka mto, na wazazi walikuwa wanaogopa huo mto. Kwa hivyo familia moja ikatoa kipande cha shamba, na pale kuna shule ndogo ya PP1 mpaka gredi 3, wanaiita tawi. Mtoto anaanza hapo karibu na nyumbani, akifika gredi 4 miguu imekomaa na akili ya kuvuka mto iko, anahamia shule kubwa na wenzake wote pamoja. Vyumba vitatu vya udongo vimepigwa lipu vizuri, kimoja kipya cha mawe.

Nikakaa na mwenyekiti wa wazazi, baba mmoja ana duka la mbolea, nikamwambia niambie kila kitu tangu mwanzo, usiruke. Akasema kitu cha kwanza hawakununua hata bati moja. Walizunguka nyumba kwa nyumba wakiandika watoto: jina, umri, yuko na kadi ya kliniki au cheti cha kuzaliwa, anatembea umbali gani, nani anampeleka. Mabaraza matatu ya chifu waliongea kuhusu shamba mpaka familia yote ikaweka sahihi, na hapo alinishika mkono akaniambia mama, hata wale ndugu wako Nairobi wapigie simu, wasikuje baadaye na kesi. Wakaanza chini ya mabati ya jirani na ticha wa kulipwa na wazazi. Halafu wakapeleka ile orodha kwa vikao vya wananchi vya bajeti ya kaunti, kila mwaka, wakienda watu wengi, akina mama mbele. Mwaka wa kwanza hawakupata kitu. Wa pili wakapata ticha. Chumba cha mawe kilikuja baadaye.

Na akanifunza kitu cha tarehe. Mwaka wa pesa wa kaunti unaanza Julai 1, lakini mpango wa mwaka unaofuata unatakiwa ufike bunge la kaunti kufikia Septemba 1. Ukienda na shida yako Mei bajeti ikijadiliwa, umechelewa sana, watu walishapanga. Leo ni Juni. Nimehesabu wiki kwa vidole nikasimama pale kama mtu amemwagiwa maji.

Jumamosi, barabarani

Kapsabet, Eldoret, Burnt Forest, Timboroa na ukungu. Nimelala njia nzima. Nakuru saa kumi jioni.

Jumapili, Kaptembwa

Mkutano ulikuwa saa nane. Nilikuwa nimeandika hotuba lakini sikusoma, niliwaambia tutoke kwanza. Nikaomba wawili wenye watoto wa miaka minne watuazime, na chama chote, na nguo zetu za kanisa, tukatembea na wale watoto kutoka katikati ya mtaa mpaka geti ya ile shule ya ng'ambo. Nilikuwa na tepu, nikawapimia hatua kwa vumbi, ya mmoja 37, ya mwingine 40. Tukafika kwa barabara kubwa tukasimama na watoto mkononi, trela moja, mbili, matatu inapiga honi, boda upande mbaya. Tulisimama dakika sita kabla tuvuke. Mama mmoja, wa wale wa chumba cha mawe, alimbeba mtoto mgongoni kuvuka na alipofika ng'ambo hakumshusha.

Tuliporudi tuliongea mpaka giza. Si kila mtu amekubali, kuna wanne wanasema ukumbi wa kanisa tunaweza fukuzwa siku yoyote na pesa imeenda, na wako na haki, mimi mwenyewe nimeona Nyalenda venye ticha anapanga na kupangua kila wiki. Kwa hivyo tumegawa. Kidogo ya kodi ya ukumbi na mikeka, kidogo ya sufuria na unga, nyingine ikae benki ingoje shamba. Choo cha tundu dogo, vipimo ninavyo. Kufungua saa kumi na mbili na nusu. Yule mama wa mandazi wa kona amesema atapika uji mwezi wa kwanza bila malipo.

Orodha tumeanza leo leo, na tochi za simu, mstari wa nyuma ya posho mill. Jina, umri, kadi, nani anampeleka. Kwa milango kumi na minane tumeandika watoto 23 wa miaka minne na mitano wenye hawaendi popote, na kesho jioni tunaanza upande wa bomba la maji.